Safu ya Chuma Juu ya Moyo

Jumatatu asubuhi fundi alipaliwa na chai. Mkewe akampiga mgongoni kwa kiganja, kama alivyokuwa akimpiga miaka yote ya ndoa yao, na mgongo ukalia. Ulilia kama sufuria nzito iliyogongwa na mwiko: sauti moja ndefu iliyopita juu ya meza, ikafika kwenye cherehani iliyokuwa dirishani, ikaitikisa sindano, ndipo ikanyamaza.

"Hiyo ni safu ya chuma," alisema fundi alipopata pumzi. "Nilijua tu itashika. Hebu niongezee chai."

Mkewe akamwongezea. Binti yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche kwa vile hakuwahi kutulia mahali tangu azaliwe, alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. Alimtazama baba yake jinsi fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake.

"Inalia vizuri, baba. Haina sauti ya tundu."

"Tundu litoke wapi? Kwani imepakwa na nani?"

Wakacheka, na fundi alipocheka kifua nacho kikalia kidogo. Kisha baba na binti wakaondoka pamoja kwenda karakana, maana walifanya kazi chini ya bati moja, baba kwenye tochi ya kuyeyushia chuma na binti kwenye mashine ya kukereza.

Kazi ya fundi ilikuwa kuvivisha nguo vyuma vilivyochoka. Zililetwa kwake valvu za pampu, zile ambazo mchanga na maji moto hupita humo mchana na usiku mpaka zinalika kama sabuni. Fundi alizipasha moto kwanza, kisha akawasha tochi yake, yenye mwali mwembamba kama kalamu na mkali kuliko moto wowote wa jikoni au wa tanuri. Ndani ya mwali ule alipuliza unga wa chuma kigumu. Unga uliyeyuka ukiwa njiani, ukalala juu ya valvu, ukashikamana nayo kama ngozi inavyoshika nyama, na valvu iliyokwisha kufa ikarudi kazini ikiwa ngumu kuliko ilivyozaliwa. Waliojua kupaka walikuwa wengi. Aliyejua kupaka bila kuacha tundu hata la kupitisha roho ya sisimizi alikuwa yeye.

Nyuma ya meza yake, ukutani, palikuwa na feni kubwa ya kutoa moshi na vumbi nje. Feni ile ilipowashwa, upepo wake uliuyumbisha mwali na kuipeperusha gesi inayoulinda, na safu ikatoka na vitundu. Kwa hiyo haikuwashwa. Iliwashwa siku walipokuja wakaguzi tu, na siku hiyo tochi ndiyo iliyozimwa, kwa heshima ya wageni. Dawa yake ilijulikana na kila mtu pale: bomba dogo la kunyonya, lenye mdomo mwembamba, linalokaa ubavuni mwa meza na kuvuta moshi bila kuugusa mwali. Msimamizi wa karakana alikuwa ameahidi kwamba bomba lingekuja. Aliahidi mwaka Cheche alipoota meno.

Hata hivyo feni iliyozimwa nayo ilikuwa na usumbufu wake, maana upepo wa nje uliingia kati ya mapanga yake na kumkuta fundi shingoni. Ndipo msimamizi alipokuja nyumbani na kipande cha turubai begani.

"Shemeji," alisema, "mafundi cherehani ni wengi, ila mishono yako ndiyo tunayoiamini. Tushonee kifuniko cha feni."

Mke wa fundi alipiga magoti mbele ya turubai, akaipima kwa mikono, akaiombea kazi yake Mungu kama alivyoombea kila kazi, akashona. Alishona mshono juu ya mshono, akatia kamba ukingoni ili kikazwe vizuri, na pembe nne akazikunja mara mbili zisichanike. Jioni ya siku kilipofungwa, fundi alirudi akitabasamu.

"Leo hakuna tundu hata moja. Msimamizi amesema nikupe asante."

Mkewe naye alifurahi, kama mama aliyesifiwa mtoto.

Ukweli ni kwamba mambo yalikuwa yakionekana siku nyingi kabla ya mgongo kulia, kwa mtu mwenye kutazama. Maji ambayo mke wa fundi alifulia nguo za kazi za mumewe yaliacha matope ya kijivu chini ya beseni, mazito, yenye kumeremeta. Aliyamwaga nyuma ya nyumba, mahali pamoja siku zote, na mahali pale palikuwa pamekuwa pagumu na penye kung'aa. Kuku wakipita hapo makucha yao yalisikika kama mtu anayechapa kwa taipureta. Mvua ilipochimba mfereji uani, ilipafuata pale ikapazunguka. Jirani alisimama siku moja akapatazama, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akaomba chumvi, akaenda zake.

Baada ya ile Jumatatu wakaenda kwa daktari. Daktari alimgonga fundi kifuani kwa kidole, akasikiliza, akashuka kidogo, akagonga tena, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Kobalti," alisema. "Na kromi kwa mbali, vyuma vya ule unga mnaopuliza. Pale kazini mna feni?"

"Ipo, daktari. Iko mgongoni kwangu."

"Inawaka?"

Fundi alimtazama mkewe, kisha akatazama dari.

"Ina kifuniko," alisema.

"Kizuri?"

"Kizuri sana. Kashona mke wangu."

Daktari akaandika dawa ya kifua ya kunywa kwa kijiko. Mke wa fundi alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, mkoba mapajani. Aliishika mikono yake, mmoja juu ya mwingine, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakuiachanisha.

Tangu siku ile fundi alianza kuwa mzito. Kitanda kilizama upande wake, wakakitegemeza kwa matofali. Viatu vyake viliacha alama kwenye sakafu ya saruji. Alipolala chali, mvua ikinyesha na paa likivuja, matone yaliyomwangukia kifuani yalilia sawasawa na yale yaliyoanguka kwenye ndoo, na mkewe akiwa gizani hakujua aihamishe ndoo au amhamishe mumewe. Msimamizi alikuja kumjulia hali. Alipitisha kidole kwenye mbavu zake taratibu, kwa mapenzi ya kweli, machozi yakimlengalenga machoni.

"Imelala vizuri," alisema. "Mkono wako huo, ndugu yangu. Hata ndani ya mwili wako hukukosea."

"Na lile bomba?" mke wa fundi aliuliza.

"Liko njiani, shemeji."

Fundi alifariki mchana, dirisha likiwa wazi. Maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kazi: Cheche asisahau kuipasha valvu moto kwanza, maana chuma kikipakwa kikiwa baridi safu inapasuka. Halafu akavuta hewa, na hewa ikaingia nusu, ikakuta hapana mahali pa kukaa, ikatoka. Haikurudi. Mkewe akamfumba macho, akaanza kuomba. Katikati ya maombi akasikia kitu kinagonga. Hakukatisha maombi, mtu hamkatishi Mungu. Alipomaliza akaweka sikio juu ya kifua cha mumewe, akasikia moyo unapiga. Ulipiga bila haraka na bila uchovu, kila pigo sawa na la kabla yake, kama nyundo ndogo ya sonara.

"Moyo bado unapiga," alimwambia daktari alipokuja.

"Utapiga tu, mama. Umepakwa." Daktari alikuwa amekwisha kutoa kalamu. "Ila sisi tunaandika pumzi."

Kiongozi wa dini naye hakuona tatizo. Alisema mtu akikata pumzi ni wa Mungu, na moyo utamfuata ukishamaliza kazi yake.

"Utamaliza lini?" mjane aliuliza, kwa maana sasa alikuwa mjane.

Kiongozi wa dini alimtazama msimamizi. Msimamizi alikohoa.

"Shemeji, siwezi kukudanganya. Valvu za kwanza alizozipaka mumeo, wakati sote tuna nywele nyeusi, mpaka leo zinafanya kazi. Hakuna aliyewahi kurudisha hata moja."

Jeneza liliteremshwa kwa winchi ya karakana, kwani mabega ya binadamu yalikuwa yamelikataa. Wafanyakazi walizungusha mnyororo polepole, na kila winchi iliposimama ili wapumzike, watu wote waliokusanyika walisikia moyo ukipiga ndani ya mbao. Waliinamisha vichwa. Mtoto mmoja alianza kutikisa mguu kwa mapigo yake, mamake akamfinya.

Mjane alikwenda makaburini kila asubuhi baada ya sala. Udongo juu ya kaburi haukutulia kama udongo wa makaburi mengine. Chembe zake ziliruka kidogo, zikatua, zikaruka. Maua aliyoyaweka kwenye kopo yalitembea yenyewe mpaka ukingoni, na kila siku akayarudisha katikati. Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka mumewe apumzike. Lakini alipoweka kiganja chake juu ya udongo na kuanza kuomba apewe pumziko, moyo ulimjibu chini ya mkono, tu, tu, tu, na neno "pumziko" akaliacha, kwani angewezaje kumwombea mtu aache kazi aliyoifanya vizuri hivyo?

Kaburi la jirani lilikuwa la dereva wa malori. Mjane wa dereva alimsubiri siku moja, akamsalimu kwa heshima zote.

"Shoga, pole tena na msiba. Sitaki ugomvi. Ila mwambie mumeo apunguze kidogo. Wangu alikuwa mtu wa usingizi."

"Nimeshamwambia."

"Akasemaje?"

"Anapiga tu."

"Wanaume hawa!" alisema mjane wa dereva. Akamwazima kopo lake la maji, wakamwagilia maua pamoja.

Haikupita muda msimamizi akaanza kuja makaburini na wageni. Walikuwa watu wa viwanda, wenye pampu nyingi na valvu nyingi, wamevaa suruali za kunyooshwa pasi. Msimamizi aliwaonyesha mahali pa kupiga magoti, nao wakalaza masikio juu ya udongo.

"Unga ule ule tunaoutumia kwenu," aliwaeleza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye hospitalini. "Mnasikia? Haupungui. Haukwaruzi."

Waliinuka na udongo masikioni, wakatikisa vichwa kwa kukubali. Walimpa mjane mkono mmoja baada ya mwingine. Mmoja alimwambia, "Hongera, mama," akakumbuka, akasema, "Pole."

Mjane akamvuta msimamizi pembeni. "Nani anashika tochi sasa?"

Msimamizi alijikuna kidevu. "Maji hufuata mkondo, shemeji. Nani mwingine?"

Mjane alijua kabla ya kuuliza. Cheche alikuwa ameacha mashine ya kukereza tangu wiki ya msiba. Mkono wa baba yake alikuwa nao yeye peke yake. Hata namna ya kushusha kiwiko, hata ulimi kujitokeza pembeni ya mdomo wakati mwali unapozunguka ukingo wa valvu. Jioni mama alimwekea chakula, akakaa mbele yake bila kula mwenyewe.

"Mwanangu, rudi kwenye kukereza."

"Mama, wanaleta valvu kutoka mbali kwa sababu ya baba. Nikiacha, ataingia mtu wa kupaka matundu, halafu waseme kazi ya baba ilikufa na baba."

"Kazi ya baba yako haijafa. Naisikia kila asubuhi."

Cheche alicheka, kisha akachezea chumvi mezani. "Wakishaleta bomba..."

"Bomba!" mama alisema. "Uliota meno tukaambiwa linakuja. Sasa yamekwisha kuota yote mpaka gego la mwisho, na bomba bado liko njiani. Linakuja kwa magoti?"

"Mama nawe."

"Usiniambie mama nawe. Mimi nimezika mmoja, na huyo mmoja hata hajanyamaza."

Cheche alikusanya sahani. Aliosha vyombo, akaenda kulala, na asubuhi akafunga kamba za viatu.

Basi mjane akachukua wembe wa kufumulia nyuzi, akaufunga kwenye leso, akaenda karakana. Hakuna aliyemzuia mlangoni, wote walimjua. Alipita kati ya mashine mpaka kwenye meza ya mumewe, ambako Cheche alikuwa ameinama na kinyago cheusi usoni, mwali ukiimba. Akapanda kwenye sanduku, akakishika kifuniko cha feni. Kilikuwa kimekuwa kigumu kama bati upande wa ndani, kimeng'aa, safu moja isiyo na tundu. Uzi wake tu ndio uliobaki uzi. Akaufumua, mshono juu ya mshono. Alikuwa ameshona vizuri, kwa hiyo ilimchukua muda, na wafanyakazi waliacha kazi wakamtazama kwa adabu kama watu wanaomngoja mtu amalize kuswali. Kifuniko kilipoanguka sakafuni kililia kama mgongo ulivyolia asubuhi ile ya Jumatatu. Cheche akainua kinyago. Mama yake akashuka, akabonyeza swichi.

Feni iliwaka. Vumbi lote lililokuwa hewani lilisimama wima kama jeshi lililoitwa, likatoka nje kwa mstari. Hewa ya karakana ikawa na rangi ya hewa. Fundi mmoja mzee alivuta pumzi, akashangaa nafasi aliyoikuta kifuani, akavuta nyingine.

"Asante, Mungu," alisema mjane. Akaenda nyumbani na kifuniko kichwani.

Siku ile Cheche alipaka valvu akiwa na feni. Zilipopoa walizipaka dawa nyekundu ya kupimia, wakazifuta, wakazipulizia chokaa nyeupe, wakangoja. Pale penye tundu wekundu hutoka wenyewe. Zilitoka nyekundu zote, kama watoto wenye surua. Msimamizi hakugomba. Aliziinua moja moja, akaziweka chini moja moja, akamtazama binti wa rafiki yake.

"Baba yako asingelala akiona hivi," alisema.

"Halali hata sasa," alisema Cheche.

Jioni Cheche alirudi nyumbani na turubai mpya begani. Mama yake alikuwa jikoni. Alimsikia binti akiivuta cherehani, akitia uzi, akipima, akianza kukanyaga. Mama hakutoka. Alisimama mbele ya jiko, mwiko mkononi, akisikiliza mashine ikishona: tu, tu, tu, bila haraka na bila uchovu. Alizitambua pembe nne zikikunjwa mara mbili. Hakuna aliyemfundisha Cheche kukunja pembe hivyo ila yeye mwenyewe.

"Mama," Cheche aliita kutoka chumba cha pili, sauti ikiwa ndogo. "Usinikasirikie."

"Kamba ya ukingoni itie mara moja tu," mama alisema. "Ukitia mbili inakunjamana."

Asubuhi alikwenda makaburini, akarudisha maua katikati. Akaweka kiganja juu ya udongo.

"Mtoto ameshona kifuniko," alimwambia mumewe. "Mishono imenyooka. Sijui nikuombee nini sasa. Nikikuombea upumzike, nani atakuwa anamsikiliza?"

Moyo ulipiga kama ulivyopiga jana. Haukuongeza wala haukupunguza. Ulikuwa umepakwa na mtu asiyekosea, na kitu kilichopakwa hivyo hakipokei habari.

Mvua zikaja zikapita. Feni ilikaa na kifuniko chake, bomba likakaa njiani. Wageni wa viwandani waliendelea kupiga magoti makaburini, na msimamizi akaweka pale mkeka ili wasichafue suruali.

Siku moja asubuhi, kabla ya kazi, Cheche alipaliwa na chai. Mama yake akainuka haraka, akanyanyua kiganja ampige mgongoni. Kiganja kikabaki hewani. Alikishikilia pale juu, na moyo wake yeye, ambao haukuwa umepakwa kitu, ukamwenda mbio. Kisha akakishusha polepole, akaulaza mkono mgongoni mwa mwanawe, akamsugua bila kupiga, kama mtu anayempapasa mtoto mchanga ili asiamke.

Cheche alikohoa mpaka kikohozi kikaisha. Akajifuta macho.

"Mbona hunipigi, mama?"

"Mkono umechoka."

Dirishani, sindano ya cherehani ilikuwa inatikisika. Wote wawili waliitazama mpaka ilipotulia.

"Niongezee chai," alisema Cheche.

Mama yake akamwongezea.